Nani Aliyahesabu Mawimbi?



Yapo maswali ya watoto ambayo mtu mzima huyajibu huku akitembea, na yapo yanayomlazimu kuketi. Juma hili tunalijibu moja lililotuketisha.

Tulikuwa Singida mjini, barazani kwa bibi mmoja ambaye nyumba yake haiko mbali na Ziwa Kindai. Swala ya alasiri ilikuwa imekwisha, na upepo wa Singida ulikuwa ukivuma kama kawaida yake. Wajukuu waliokuwa wakisafisha stoo wakaibuka na sanduku la mbao. Mbele lilikuwa na kitambaa kilichojaa vumbi, kioo chenye namba, na vifundo viwili vya kuzungusha. Ilikuwa redio ya marehemu mumewe, ya zama za taa za kioo ambazo mafundi waliziita valvu.

Bibi akaipangusa kwa upindo wa kanga yake. "Hii," akasema, "usiku wa kuamkia Idi ilijaza ua huu watu. Tukingoja habari za mwezi. Babu yenu hakuruhusu mtu kugusa kifundo. Aliweka alama ya penseli juu ya kioo, akisema: Dar es Salaam ipo hapa, wala haihami."

Alama ile ipo hadi leo, imefifia lakini yaonekana. Mjukuu wake wa darasa la sita akaitazama kwa muda, kisha akauliza: "Bibi, kama mawimbi hayaonekani, nani aliyahesabu hata ikajulikana kwamba hayahami?"

Bibi akacheka. "Waulizeni wageni wetu. Wao ndio waandishi."

Tulimwahidi mtoto yule kwamba jibu lake atalisoma hapa. Ahadi ni deni, nasi leo tunalilipa.

Kwanza, tuuone uzito wa swali lenyewe. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam hadi Singida kwa barabara ni karibu kilomita 700. Masafa kama hayo yalivukwa na mawimbi mafupi, ambayo hupaa hadi tabaka za juu za anga, yakarudishwa chini na kumfikia msikilizaji aliye mbali. Wenye redio za zamani wanaikumbuka mita 60, mojawapo ya kanda zilizotengewa nchi za joto kama zetu. Kituo kinachorusha kwa mita 60 hutoa mawimbi milioni tano katika kila sekunde moja.

Katika kanda hiyo vituo vya nchi mbalimbali vilibanana kama abiria wa basi. Kila kimoja kilipewa idadi yake ya mawimbi kwa sekunde, na idadi hiyo ndiyo iliyokuwa kiti chake. Kituo kikiteleza kidogo tu kikamkaribia jirani, msikilizaji alisikia mluzi mkali uliofunika maneno. Kikiteleza zaidi, alama ya penseli ilikuwa haina kazi tena. Mzee aliyeketi Singida hakuwa na njia ya kumkagua fundi aliyesimama kwenye mtambo. Aliamini tu. Basi kuhesabu mawimbi ilikuwa amana: mtu asiyeonekana akiwahesabia watu asiowajua kitu ambacho hakuna kati yao anayekiona.

Je, mafundi walihesabu vipi? Kwa miaka mingi hawakuhesabu, walilinganisha. Walikuwa na kifaa kilichotoa mawimbi ambayo idadi yake ilijulikana. Waliyachanganya na yale wasiyoyajua, wakasikiliza mluzi ule ule unaomkera msikilizaji. Kadiri idadi mbili zinavyokaribiana, ndivyo mluzi unavyoshuka na kuwa mzito, na zikilingana kabisa unatoweka. Hapo fundi alisoma namba kwenye kifundo, akafungua kitabu cha majedwali kilichokuja na kifaa chake. Kila kifaa kilikuwa na kitabu chake, na kitabu cha kifaa kimoja hakikufaa kwa kingine. Kazi ilihitaji sikio zuri, subira, na mtu asiyekosea mstari wa jedwali.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo zilipoenea mashine zilizohesabu kweli, wimbi baada ya wimbi. Kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani ilitoa mojawapo mwanzoni mwa miaka ya 1950, iliyopewa jina la 524A. Iliweza kuhesabu hadi mawimbi milioni kumi kwa sekunde, na haikuwa na transista hata moja. Kazi yote ilifanywa na valvu. Tueleze ilivyowezekana, nasi tutaanzia mahali ambapo kila mtu wa Singida amewahi kufika.

Nendeni soko la vitunguu la Misuna wakati lori linapakiwa. Mtu mmoja amesimama kwenye mlango wa ghala akihesabu magunia. Hakariri moja, mbili, tatu hadi mia tatu, maana akiitwa mara moja tu hesabu imepotea. Yeye huhesabu hadi kumi, akaweka kijiwe kimoja upande wa pili, akaanza upya. Vijiwe navyo vikifika kumi, huviondoa akaweka kimoja kikubwa zaidi. Mwisho husoma: vikubwa viwili, vidogo saba, na magunia manne, jumla 274. Sasa mwambieni aeleze magunia mangapi hupita kwa saa moja. Atahitaji mtu wa pili, mwenye saa, wa kufungua mlango dakika ile ile inapoanza na kuufunga dakika ile ile inapokwisha.

Mashine ya valvu ilikuwa na watu hawa wawili na mlango wao. Mlango, mhesabuji, na mwenye saa: ukiwaelewa watatu hawa, umeielewa mashine nzima.

Tuanze na valvu yenyewe. Ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna kipande cha metali kinachopashwa moto hadi kiwe chekundu, na kwa joto hilo hutoa elektroni, zile chembe ndogo mno zinazobeba umeme. Upande wa pili mna bamba lenye umeme wa kuzivuta. Katikati pamesimamishwa wavu mwembamba. Wavu ukipewa umeme hasi, elektroni hurudishwa nyuma na bamba halipati kitu. Umeme hasi ukiondolewa, elektroni hupita. Kwa hiyo umeme mdogo uliopo kwenye wavu hutawala umeme mkubwa unaokwenda kwenye bamba, kama kidole kimoja kinavyotawala bomba la maji.

Mlango wa mashine ulikuwa valvu yenye nyavu mbili zilizopewa kazi. Wavu wa kwanza ulipokea mawimbi yanayohesabiwa, baada ya kila wimbi kukatwa na kunyooshwa likawa pigo moja fupi lenye ncha kali. Wavu wa pili ulipokea amri ya mwenye saa. Pigo lilipita pale tu nyavu zote mbili ziliporidhia.

Mhesabuji ndiye aliyekula valvu nyingi. Mwaka 1918 Waingereza wawili, William Eccles na Frank Jordan, walibuni namna ya kufunga valvu mbili pamoja hivi kwamba moja ikifunguka humfunga mwenzake. Ni kama watoto wawili juu ya ubao wa bembea: mmoja akiwa juu, mwingine sharti awe chini, na hubaki hivyo hadi wasukumwe. Kila pigo moja huwageuza. Mapigo mawili huwarudisha walikoanza, na katika kurudi huko jozi hutoa pigo moja kwa jozi inayofuata. Hivyo kila jozi huhesabu kwa mbili. Mwaka 1932 Wynn-Williams, mwanafizikia wa maabara ya Cavendish huko Cambridge, alichapisha habari za mashine yake ya kuhesabu kwa mbili-mbili, iliyotumia taa zilizojazwa gesi, akihesabu chembe zinazoruka kutoka katika vitu vya mnururisho.

Lakini binadamu hasomi kwa mbili, husoma kwa kumi. Jozi nne zikifuatana zina hali 16. Mafundi wakatafuta hila: wakarudisha sehemu ya umeme kutoka jozi za mbele kwenda za nyuma, ili katika mzunguko mmoja hesabu iruke hali sita. 16 ukitoa sita, zimebaki kumi. Pigo la kumi lilirudisha jozi zote kwenye sifuri, na papo hapo likatuma pigo moja kwa kundi linalofuata la jozi nne, ambalo lilihesabu makumi. La tatu lilihesabu mamia, la nne maelfu. Hicho ndicho kijiwe cha yule mtu wa Misuna. Kundi la kwanza lilitaabika kuliko yote, maana lilipaswa kugeuka hata mara milioni kumi kwa sekunde. Kundi la pili lilipokea sehemu moja tu ya kumi ya kazi hiyo, la tatu sehemu moja ya mia, na kuendelea.

Kila kundi lilikuwa na safu ya vitaa kumi vya neoni vilivyosimama wima, vimeandikwa kuanzia 0 hadi 9. Kimoja tu ndicho kilichowaka, kwa mwanga wa rangi ya chungwa. Fundi alitazama safu hizo kutoka kushoto kwenda kulia akasoma: 5,000,012. Akajua kuwa kituo kilichopangiwa milioni tano kimeteleza mawimbi kumi na mawili. Tangu mwaka 1955 zikaja taa za Nixie za kampuni ya Burroughs, ambazo tarakimu nzima huwaka ndani ya kioo, na kusoma kukawa rahisi zaidi.

Amebaki mwenye saa, naye ndiye kiini cha makala haya. Mlango ulipaswa kufunguliwa kwa sekunde moja kamili. Ukichelewa kufungwa kwa sehemu moja tu ya elfu ya sekunde, mawimbi 5,000 ya ziada yatakuwa yamepita, na vitaa vitaonyesha uongo kwa mwanga ule ule mzuri wa kusema kweli. Hakuna saa ya gurudumu na kamani iliyoiweza kazi hii. Ikapewa jiwe angavu la kwatzi. Ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba mawe ya namna hii yakibanwa hutoa umeme. Ikaja kuonekana pia kwamba yakipewa umeme hutikisika, na kipande kilichokatwa kwa kipimo maalumu hutikisika kwa idadi ile ile bila kuchoka. Kipande cha kutikisika mara 100,000 kwa sekunde kiliwekwa ndani ya kijitanuri kidogo chenye joto lisilobadilika, kwa kuwa baridi na joto humyumbisha hata huyu mwaminifu. Kisha mitikisiko yake ikagawanywa kwa kumi, na kwa kumi tena, mara tano. 100,000 ikawa pigo moja kwa kila sekunde. Pigo la kwanza lilifungua mlango, na lililofuata likaufunga.

Raha hiyo ilikuwa na gharama. Valvu moja pacha ya aina ya ECC82, iliyotumika sana enzi hizo, hula karibu wati mbili kwa kupashwa moto tu, kabla haijafanya kazi yoyote. Mashine yenye valvu 50 za namna hiyo ingekula karibu wati 95 kwa kujipasha. Ilikuwa nzito, ikiunguruma kwa feni, na fundi alilazimika kuiwasha mapema na kuingoja, kwani kijitanuri cha kwatzi hakikubali kuharakishwa. Transista zilipokomaa katika miaka ya 1960, valvu zikastaafu. Njia ya kuhesabu haikubadilika.

Wahandisi waliitambua mapema kasoro moja ya njia hii, na hawakuificha. Mlango unapofungwa, huenda gunia moja liko kizingitini, nusu ndani na nusu nje. Litahesabiwa au halitahesabiwa? Kwa hiyo kila hesabu ya mlango ina shaka ya moja, zaidi au pungufu. Katika milioni tano, moja si kitu. Lakini chukueni umeme wa majumbani mwetu, ambao hapa Tanzania hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Ukiuhesabu kwa sekunde moja, moja katika 50 ni asilimia mbili, na hilo ni kosa kubwa. Wahandisi wakageuza kazi: mawimbi kumi ya umeme wa nyumbani ndiyo yaliyofungua na kuufunga mlango, na kilichohesabiwa ni mitikisiko ya kwatzi iliyopita katika muda huo. Mawimbi kumi huchukua moja ya tano ya sekunde, na humo hupita mitikisiko 20,000. Shaka ikabaki moja katika 20,000. Kitu kinachokwenda polepole hakihesabiwi kwa pupa. Hupewa muda wake.

Tena, mashine ilikuwa na swichi ya kujikagua. Ukiibonyeza, ilihesabu mitikisiko ya kwatzi yake yenyewe, na vitaa vikaandika 100,000 barabara. Fundi mgeni alifurahi. Fundi mzoefu alijua kwamba jibu hilo lathibitisha jambo moja tu, kuwa wahesabuji ni wazima. Kwatzi yenyewe ikiwa imeharibika, sekunde nayo itakuwa imeharibika kwa kiasi kile kile, na vitaa bado vitaandika 100,000. Anayejipima kwa mizani yake mwenyewe hawezi kujiona amepunguka. Ndiyo maana kwatzi ilipaswa kulinganishwa na shahidi wa nje: kituo cha WWV cha Marekani, au MSF cha Rugby, Uingereza, vilivyorusha mawimbi ya idadi iliyohakikishwa ili dunia ijisahihishe kwayo. Wafanyabiashara wa Singida wanaijua kanuni hii. Mizani ya dukani haijitetei yenyewe. Hukaguliwa na Wakala wa Vipimo kwa mawe ya kupimia yasiyo ya mwenye duka.

Basi hili ndilo jibu la mtoto wetu: mawimbi yalihesabiwa na mashahidi wawili, mwenye kuhesabu na mwenye kushika muda, na wa pili ndiye aliyehitaji uaminifu zaidi, kwa sababu kosa lake halionekani.

Tungeweza kuishia hapo, lakini ukurasa huu ni wa familia, na hesabu hii imo majumbani mwenu. Tazameni saa ya ukutani. Nyingi zimeandikwa neno la kwatzi usoni kwa Kiingereza. Ndani yake mna kipande kidogo kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde, na jozi za kugawanya kwa mbili, mara 15, hadi libaki pigo moja linalosogeza mshale. Ni ile ile bembea ya Eccles na Jordan, isipokuwa sasa inatosha ndani ya punje ya mtama. Mnaye mwenye saa mwaminifu kuliko wengi waliotutangulia. Mtumieni pale anapohitajika zaidi: mtoto mdogo anapokohoa na kuhema.

Wahudumu wa afya hufundishwa kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja kamili, akiwa ametulia, hali wala hanyonyi. Mkunjulieni nguo kifuani, shikeni saa, hesabuni kila kifua kinapopanda. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, 40 au zaidi. Idadi hiyo ikifikiwa, huenda ni homa ya mapafu, na mtoto apelekwe kituo cha afya bila kungoja kesho. Na kama kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, msihesabu. Nendeni mara moja.

Wapo wanaohesabu nusu dakika kisha wakazidisha kwa mbili. Sasa mnajua kwa nini haifai. Ile shaka ya pumzi moja iliyoko kizingitini nayo huzidishwa kwa mbili, na pumzi za mtoto hazifuatani sawasawa kama mitikisiko ya kwatzi. Mtoto mwenye pumzi 51 anaweza kuandikiwa 48, akarudishwa nyumbani. Kitu kinachokwenda polepole hupewa muda wake, na kwa mtoto muda wake ni dakika nzima.

Na kwa wenye redio za valvu stooni: msiwaachie watoto wazifungue kwa vifaa vya kuchezea. Ndani ya zile zinazotumia umeme wa nyumba mna volti 200 na zaidi, na baadhi ya vihifadhi-umeme vyaweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Fundi mzee aitwe kwanza.

Bibi wa Singida hakutaka redio yake itengenezwe wala iuzwe. Alimwambia mjukuu aiweke sebuleni, alama ya penseli itazame mbele. Mtoto akauliza kama anaweza kuifuta vumbi kioo. "Futa," bibi akamjibu, "lakini hapo kwenye mkono wa babu yako pita pembeni."

Wabillahi tawfiq.